Kabureta Mbili

Kondo ameileta leo, ndani ya kopo la Blue Band,
imevalishwa soksi ya skuli, moja, haina mwenziwe.
Hakuketi. Alisema kuna mtu anamngoja Buguruni,
akasimama mlangoni akichezea funguo
kama mtu aliyerudisha sufuria ya kuazima
na anajua kitako kimeungua.

Miaka kumi na mmoja.
Siku ya arobaini, walipokwisha kugawa
shamba la Mbagala, kabati, cherehani, redio,
ikabaki Honda ya mwaka sabini na nne,
silinda mbili, kabureta mbili.
Hesabu ya mirathi ni mbili kwa moja;
pikipiki haikukubali hesabu hiyo,
na sisi tumeshika usukani, kila mtu pembe yake.
Asubuhi, kabureta ya kushoto haipo.
"Basi asiipande mtu," kasema Kondo,
na mtu hakuipanda. Kuku waliipanda.
Mafuriko nayo yalikuja mara mbili,
yakaifika magotini, yakaondoka.

Natandika gazeti juu ya meza ya uani, Keko.
Ya kushoto kushoto, ya kulia kulia,
maana vitu hivi vinafanana kwa sura tu.
Naanza na yake, kwa ubaya,
nipate kuona alivyoiozesha.

Skrubu zinafunguka kwa vidole.
Bakuli jeupe, linang'aa. Boya nalitikisa sikioni: kimya,
halijatoboka. Sindano kali.
Kila kona ina utando mwembamba wa oili,
oili mpya, ya mwaka huu,
na soksi, nikiinusa, imelowa tabaka juu ya tabaka
kama utambi.

Nakaa kidogo.
Kisha navuta yangu, ile niliyobaki nayo,
niliyokuwa nikiwaambia watu naitunza.

Skrubu nne, kutu tupu.
Natia mafuta, nangoja, nagonga kwa mpini wa bisibisi.
Usilazimishe: kichwa kikikatika umejitakia kutoboa.
Ya tatu ilitoka ikiguna.
Ndani, petroli ya zamani imegeuka lami ya kijani,
boya limegandia humo kama nzi kwenye asali.
Jeti kubwa inapitisha mwanga.
Jeti ndogo naielekeza jua la saa nne:
giza.

Tundu lake jembamba kuliko unywele.
Pini usiliingize, ukilipanua basi tena,
litakunywa mafuta mpaka plagi iwe makaa.
Nachomoa uzi mmoja wa waya wa klachi.
Naloweka kwenye mafuta ya taa, usiku, tena usiku,
napuliza kwa mdomo,
ladha inanifuata hadi kwenye chai.
Siku ya tatu nikaona nukta.
Ndogo hivyo, na nyuma yake bati la jirani,
antena, na kipande cha mbingu.

Gerezani, kwa Ngalomba, nikatafuta oringi.
"Honda gani hii, dada? Hii hata mimi sijazaliwa."
Akanikatia gasketi kwa mkasi, karatasi nene,
elfu nne, kicheko bure.

Kiki ya kwanza, hakuna.
Ya saba, ikakohoa.
Ya tisa kuku wakaruka ukuta.
Lakini sailensa inapepesuka, mara juu, mara inataka kufa;
kusawazisha mbili kunataka mikono minne,
viganja viwili nyuma ya eksozi, viwili kwenye skrubu.
Nikampigia. Sikusema neno,
nikaishusha simu karibu na moshi.

Alisikiliza muda mrefu.
"Kulia inachelewa," akasema. "Kaza robo."
Nikakaza robo.
"Zidisha kidogo."

Vocha ikakatika hapo.
Honda inaunguruma, nimeinama na bisibisi,
sijui kidogo, kwa Kondo,
ni kiasi gani.