Uko Nyumbani Tu

Saa mbili kamili, Pasua.
Juu shati la ofisi,
chini kanga ya msiba wa shangazi Aikande.
Nauli imebaki kwenye kopo la kahawa,
na uji nimekunywa na mwanangu.
Dar nilikuwa namwacha amelala, namkuta amelala.

Mama mkwe anatua mkungu mlangoni:
"Kwa kuwa uko nyumbani tu, nimenyee hizi ndizi."
Namenya. "Ndiyo, bosi, nakusikia."
Utomvu kwenye kibodi.

Umeme unakatika.
Napanda tangi la maji, simu juu,
nautafuta mtandao kama mtu anayeita kuku.
Ng'ombe wa jirani anajibu kikao kabla yangu.

Mlima leo umejifunika gubigubi.
Nao uko nyumbani tu,
na mifereji inajaa.