Kengele ya Goweko

Kengele ya kambi yetu ilikuwa rimu ya lori
iliyoning'inizwa kwenye mtundu kwa mnyororo wa baiskeli,
na nondo ya kuigongea ilikuwa mkononi mwangu.
Nilichaguliwa siku ya kwanza. Nani mwingine?
Mimi ndiye niliyetoka mjini, Cheyo, na begi la magurudumu
(magurudumu yalikataa mchanga tangu stesheni,
nikalibeba kichwani kama gunia la karanga).
Saa kumi na moja alfajiri, baridi ya Juni ikiuma masikio,
niligonga, na vijana mia na ishirini
wakatoka madarasani wakikunja mikeka.
Niliupenda mlio ule. Nikadhani ndio uongozi.

Siku ya tatu Mchungaji Kasanda alipanda treni kwenda Tabora
kumpeleka hospitali mtoto mwenye homa.
Alituachia karatasi ya manila, wino mwekundu:
SIFA TANO ZA KIONGOZI.
Ya kwanza, sauti.

Mchana ule nyuki wakaja.
Hawakuja kwa vita. Walikuja kama kivuli kinachotafuta mti wake,
wakatua kwenye rimu, wakaning'inia,
ndevu nyeusi zinazopumua.

Nilishika nondo. Wengine wakaokota mawe,
mmoja akakimbilia mafuta ya taa jikoni.
Ndipo Mihayo akasimama kati yetu na mti.

Mihayo wa Kigwa, mwana wa mrina asali,
zamu ya masufuria.
Jina lake kwa lugha ya nyumbani ni Maneno,
na maneno ndiyo yaliyokuwa yakimkwama kooni;
juzi yake, kwenye kukariri mstari,
tulimcheka mpaka akakaa.
Sasa alinyoosha kiganja, si kidole.
"Wa-wamechoka," akasema. "Wanapumzika.
Na sisi tu-tupumzike."

Nikaiweka nondo chini.

Siku mbili hatukugonga kitu,
tarumbeta zikalala kwenye masanduku yake.
Aliyeamka alimgusa mwenzake begani,
naye akamgusa mwingine,
hadi darasa zima likawa macho bila neno;
nikagundua siyajui majina
ya wale niliokuwa nikiwaamsha.
Sala ya jioni tuliinong'ona.
Sala ya kunong'ona ina mwisho wake: unaisikia Amina ya jirani
ikimtoka puani, pamoja na harufu ya maharage.
Mimi niliyezoea kumwita Mungu
kama mtu aliye ng'ambo ya reli
nilianza kushuku kwamba yuko karibu,
labda anasugua sufuria.

Usiku treni ya mizigo ilipita ikipiga honi.
Tulishika pumzi. Nyuki walivuma kidogo, wakatulia.

Mihayo aliazima baiskeli ya mwinjilisti,
akarudi jioni na mzinga mkuukuu wa magome,
akaupaka nta ndani, akautundika mti wa pili.
Fuata nyuki ule asali, ndivyo tulivyolelewa.
Yeye hakuwafuata. Aliwaandalia nyumba, akaenda kuosha vyombo.
Asubuhi ya tatu rimu ilikuwa tupu,
ina madoa ya nta, na mlango wa mzinga
una shughuli kama soko la Jumamosi.

Mchungaji aliporudi aliuliza mbona tunanong'ona.
Tukatazamana. Manila ilikuwa imeliwa na mchwa
kuanzia sifa ya tatu kwenda chini.
Alinielekeza kwa kidevu: kengele.
Nikampa Mihayo nondo. Akatikisa kichwa,
akacheka kidogo, akarudi jikoni.

Leo mimi ni mwenyekiti wa vijana usharikani.
Kikao kikipamba moto, meza zikipigwa,
huwa natafuta kwa macho ni nani hajasema,
kisha nangoja,
hata kama neno lake litakuja vipande vipande.
Sifanikiwi kila mara. Nina sauti, na ninaipenda.

Rimu ile, nasikia, iliuzwa chuma chakavu.
Mlio wake siukumbuki tena.
Naikumbuka Amina ya puani,
na mkono begani pangu kabla ya mapambazuko,
sijui hadi leo ulikuwa wa nani.