Konzi

Jumamosi jioni ukungu hupanda kutoka bondeni
ukaketi juu ya bati kama mgeni asiyejua kuaga,
nami na mzee wa kanisa Zothansanga tunapima mchele.
Ndiyo desturi yetu huku milimani, kusini ya Lunglei:
mama akipika, kabla maji hayajachemka,
huchota konzi moja, akaiweka kando. Ya Bwana.
Konzi asubuhi, konzi jioni.
Makopo yaletwa, yamiminwa, yaandikwa daftarini.
Miaka kumi na tisa nimekula imani ya watu
na sijapata kuvimbiwa.

Sasa niseme kweli, maana saa hizi hakuna anisikiaye
ila mbwa wa jirani:
nimesahau kuomba.
Sisemi mimbarini. Pale maneno hujileta yenyewe,
yamechana nywele, yamefunga tai.
Nasema kule kuomba kwa mtu peke yake,
magoti yakijua baridi ya sakafu.
Mwezi wa tatu huu naandaa mahubiri
kama fundi ashonaye suti za harusi za wenziwe
na shati lake mwenyewe kwapa liko wazi.

Halmashauri ilikaa Jumanne. Saa tatu nzima, vipaza sauti.
Vijana wanataka vikubwa, wazee wanataka ngoma isikike,
mweka hazina anataka kulala.
Mwisho tukaomba, tukanywa chai,
tukachukiana kwa upole.

Septemba nilimbatiza Thangchhuaha, fundi wa malori,
kilo mia na ushei, mvua ndiyo kwanza imekatika.
Kumzamisha si kazi. Kumwinua!
Jiwe likateleza, tukaenda chini sote wawili,
na mle ndani ya maji ya rangi ya chai
nilifumbua macho, sikuona kitu,
na kwa kitambo kidogo sikuwa mchungaji wa mtu yeyote.
Tulipoibuka ng'ambo wanacheka, yeye analia.
"Mchungaji," akaniambia, "na wewe umebatizwa tena?"
Nikacheka pamoja nao.
Swali lile hadi leo halijakauka.

Lakini nilitaka kusema habari ya Bi Biakchhungi.
Kopo lake la maziwa, limebonyea ubavuni,
halijakosa hata wiki moja: konzi kumi na nne,
za kiganja kidogo, chenye kidole kimoja kisichokunjika.
Alhamisi nilipita kumjulia hali ya goti.
Jua limezama, na jiko lake baridi.
Hakuna moshi, hakuna sufuria.
"Umekwisha kula?"
"Siku hizi napika asubuhi tu.
Tumbo la kizee halina haraka."
Nikahesabu kimoyomoyo, mhasibu mimi.
"Na ile konzi ya jioni, mama?"
Akanitazama kama mtoto aliyekosea jedwali la mbili.
"Kwani jioni haifiki nisipopika?"

Konzi ile ilinitua utosini.
Nilishuka mteremko nikijipapasa kichwa.

Leo kopo limefika. Zothansanga akalimimina,
akangoja sindano ya mizani itulie.
"Kilo kasoro robo," akasema. "Kama kawaida."
Nikataka kumwambia. Nikaona haya,
sijui haya ya nani.
"Andika," nikamwambia. "Kama kawaida."

Mahubiri ya kesho yako mezani, hoja tatu,
zote zimeanza kwa herufi moja, nilijivunia hilo.
Jikoni mke wangu Lalrinpuii anachota mchele
tulioletewa na kanisa, anatenga konzi ya kanisa,
na mchele unarudi ulikotoka, kama kila wiki,
jambo ambalo zamani lilinichekesha.

Nimepiga magoti kando ya kitanda.
Goti la kulia linalia. Mbwa amenyamaza.
Sina neno, hata moja, hata la kuazima.
Sijapika kitu.
Ila jioni imefika.