Saa Nne na Dakika Ishirini na Tano

Tiketi iliandikwa 04:25.
Nikaisoma kama ninavyoisoma saa ya ukutani
kwenye ghala la kahawa, Kyarumba:
saa nne na dakika ishirini na tano. Asubuhi, basi,
jua limeshapanda, chai imeshanyweka.
Nani husafirisha watoto wa watu usiku wa manane?

Miaka kumi na tisa nimeshika mizani.
Gunia likipungua nusu kilo
nalijua kabla sindano haijatulia.
Safari ya Kabugho nayo niliipima,
kwa rula ya mdogo wake, juu ya ramani ya shule:
Entebe hadi Istanbuli, kilomita elfu nne na mia sita,
mstari wa kaskazini moja kwa moja,
unaikata Sudani, unaikata Misri, unaruka bahari.
Saa sita na nusu hewani.
Na saa za huko, aliniambia, ni saa zetu.

Nilicheka. Pale Mpondwe
ukivuka daraja la Lhubiriha na kikapu cha nyanya
mshale unarudi nyuma saa nzima,
hatua mia tu, na nyanya ni zilezile.
Nchi zote zile zikipitwa, mshale haushtuki.

Yeye alitangulia siku mbili, kwa shangazi yake Kajansi.
Mimi nikapanda basi la usiku Kasese,
mapajani kilo mbili za kahawa iliyokaangwa,
nimezipima mara tatu,
simu imezimika tangu Mubende.
Halafu tairi, Mityana. Halafu foleni.
Ili kufika alipoanzia
nilitumia muda mrefu kuliko yeye kufika aendako.
Hilo sikuwa nimelipigia hesabu.

Saa nne na robo nilikuwa langoni, nahema,
nikidhani dakika kumi zinatosha kumshika mkono.
Askari kijana, jina kifuani: Okwalinga.
Akaitazama karatasi, akanitazama, akaitazama tena.
"Mzee, hii ni saa ya ndege.
Ni saa kumi na dakika ishirini na tano, alfajiri."
Hakucheka. Namshukuru.
"Tofauti ni saa sita," akasema,
kama mtu anayetaja bei ya sukari.

Saa sita.
Tangu utoto naandika saba, natamka moja,
na sikuwahi kuhisi uzito wake.
Mizani haikukosea.
Nilisimama upande usio wake.

Nikapiga hesabu palepale, kidole kiganjani:
dakika arobaini zimebaki kabla magurudumu hayajagusa chini.
Bado yuko juu. Bado si wa huko.
Na mtu wetu akiondoka haachwi mlangoni;
husindikizwa, hata hadi kwenye kivuko cha mto,
hata kama mvua inanyesha, hata kama mlikuwa mmegombana.
(Tuligombana. Ilikuwa kuhusu ada, sitaki kuisema.)

Nikasimama kando ya ua wa waya.
Korongo wawili walipita kwenye nyasi
wamekunja mabawa nyuma kama makarani.
Kaskazini ni wapi, nikamwuliza Okwalinga. Akanionyesha kwa kidevu.
Nikamsindikiza dakika arobaini.
Saa tano kasoro tano nikasema, haya, fika.

Kilo moja nilimwachia askari.
Nyingine nimerudi nayo ghalani, nikaiweka mizanini:
gramu mia tisa na themanini.
Labda mfuko ulitoboka.
Labda harufu nayo ina uzito,
na ilikwenda.