Mizinga Sita Bila Meli

Mimi karani wa makontena.
Leo nimehesabu mia nne na matatu:
mchele, betri, matairi, vigae,
kontena zima la vibanio vya nywele.
Dunia yote inapita chini ya kalamu yangu
na hakuna aliyeniletea kisanduku
cha upana wa sinia, chenye manowari
iliyokatwakatwa vipande mia mbili, inangoja gundi.

Zamani vilikuwapo. Duka la Jethwa, Barabara ya Biashara,
rafu ya juu, nyuma ya mipira na madaftari:
unapanda ngazi, unapangusa vumbi,
unasoma kipimo ubavuni, moja kwa mia saba,
unalipa mia mbili na hamsini, nauli inabaki.
Jethwa amekufa. Mwanawe anauza vifuniko vya simu.
Nikimuuliza manowari ananitazama
kana kwamba nimeuliza bei ya mbalamwezi.

"Zipo," asema, "naweza kukuagizia."
Anabonyeza, anapiga hesabu kwa sauti:
boksi elfu kumi na nne, kusafirisha elfu sita,
ushuru Mungu ndiye ajuaye,
na rangi ni mbali, na gundi ni mbali.
Hapo ndipo nakumbuka karo ya Mishi,
bati la jikoni,
na mguu wangu wa kushoto unageuka wenyewe
kuelekea mlangoni.

Riziki hucheka: "Meli za kweli ziko Mtongwe, mume wangu,
panda feri ukazitazame bure."
Nitamwelezaje
kwamba ya kweli haikai kiganjani,
haikupi nafasi ukosee, ubandue, ubandike upya?

Mwezi wa Mei, Kongowea, juu ya turubai la mitumba,
kati ya pasi mbovu na viatu vya mguu mmoja,
boksi.
Limelowa, limefungwa kwa uzi wa kushonea gunia.
Shilingi themanini. Sikuomba hata apunguze.
Nyumbani nikalifungua kwa pumzi moja:
mizinga sita, nanga mbili, bomba la moshi,
mashua za kuokolea, ndogo kama punje za mpunga.
Meli yenyewe hamna.

Tuko watatu mji huu wenye ugonjwa huu:
mimi, Badi fundi saa wa Makadara,
na Daktari Zuhura Tahir, wa meno, Tudor,
aliyerithi kwa kakake kiwiliwili cha meli,
tumbo tupu, sitaha wazi, hata mzinga mmoja hana.
Nilimpigia. Kimya. Kisha:
"Yako ni kipimo gani?"
"Mia tatu na hamsini."
Nikasikia kiti kinaanguka.

Alikataa kuuza. Nami nilikataa.
Tukabishana kama wakwe juu ya mahari,
nani amwoe nani, nani ahamie kwa nani,
Badi akawa mshenga, akala sambusa za pande zote mbili.

Ijumaa tatu, kliniki ikishafungwa,
chini ya taa ya kung'olea meno, tulibandika.
Koleo zake, kibano cha nyusi cha Riziki,
rangi ya kijivu iliyobaki kwenye geti la shule.
Mlingoti tulichonga kwa njiti ya ufagio.
Bendera hatukuafikiana;
haina bendera.

Sasa inahamahama: miezi mitatu Tudor, mitatu kwangu,
mitatu kwa Badi, ujira wa ushenga.
Huja imefungwa kwa leso, ndani ya sufuria ya pilau,
na kila inapohama hudondosha kitu.
Jana ilikuwa nanga.
Nimeitafuta kwa tochi, kwa ufagio, kwa magoti,
chini ya kabati, ndani ya viatu vya Mishi,
huku nikisikia king'ora cha zamu ya usiku Kilindini,
nikijua bandari ile nzima, na winchi zake zote,
haiwezi kuniletea nyingine.