Swali la Tano

Nililitunga mwenyewe, usiku, taa ya sola ikikonyeza:
"Taja haki tano za raia. Kwa kila haki
toa mfano kutoka katika mazingira yako."
Mistari miwili ya kujibia. Alama kumi.
Nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi.

Darasa la Saba, Newala. Watoto sitini na nane,
madawati ishirini na moja, ukungu wa asubuhi
ukiingia dirishani kama mtoro anayerudi kwa kuvizia.
Waliandika. Nikakusanya. Nikasahihisha
kwa wino mwekundu na uji uliopoa.

Haki ya kuishi: mfano, zahanati. Vema.
Haki ya elimu: mfano, mimi nipo hapa. Vema.
Haki ya kumiliki mali: mikorosho ya babu, kumi na tisa.
Vema, ingawa idadi sikuuliza.
Haki ya kuabudu: Ijumaa tunaruhusiwa. Vema.
Kisha ya tano, kwa mwandiko uleule wa kulala upande,
Somoe Chilumba aliandika,
akavuka mistari yangu miwili, akashuka pambizoni:

"Uhuru wa kutoa maoni. Mfano: nimeutafuta
katika mazingira yangu, sijauona.
Sanduku la maoni lina kufuli, kufuli lina kutu.
Wasichana tunateka maji ya nyumba za walimu
kipindi cha Uraia kikiendelea."

Kalamu ilisimama.
Mwongozo wangu wa kusahihisha haukusema lolote
juu ya mfano usiokuwepo.

Karatasi haina miguu, lakini ilifika ofisini.
Mwalimu Mkuu Nandonde aliisoma mara mbili,
akavua miwani, akaifuta kwa tai.
"Wewe ndiye uliyemfundisha haya?"
Nilikuwa na majibu mawili. La kweli lilikuwa fupi.
Nikasema, "Ni mtaala, Mkuu."

Funika kombe, akasema, mkaguzi anakuja Alhamisi.
Kamati ya nidhamu ilikaa dakika kumi na moja.
Katibu wa kikao: mimi.
Neno "utovu" lina herufi tano. Niliziandika zote.

Siku ya nne Somoe alikuja na mama yake,
vumbi la ghala bado li kwenye nyusi,
stakabadhi ya korosho imefundikwa pindoni mwa kanga.
Kiti alipewa, hakukikalia.

"Walimu, mimi niliishia la nne.
Ila juzi mnadani walitaja bei, tukaikataa.
Tulinyoosha mikono, umati mzima,
na barua za wanunuzi zikisomwa mbele yetu.
Wiki iliyofuata bei ikarudi imenyooka kidogo.
Hakuna aliyetuambia tukalete wazazi.
Sasa huyu kakosea wapi?
Kuandika, au kuandika kabla hajawa na korosho zake?"

Ofisi ikanyamaza.
Mkuu akatazama dirishani, kama anayetafuta msaada huko,
na huko walikuwa wakipita wasichana wawili, madumu kichwani,
wakitembea polepole wasimwage.

Somoe amerudi. Anakaa dawati la mbele sasa,
jambo ambalo si zawadi wala adhabu, nadhani.
Kufuli lilikatwa kwa msumeno wa fundi baiskeli.
Ndani mlikuwa na karatasi moja ya zamani;
mchwa walikuwa wamekula yote
wakabakiza "tunaomba".

Maji bado yanatekwa. Wavulana nao wanateka:
hayo ndiyo mageuzi yetu.

Alama yake? Nilimpa moja na nusu kati ya mbili.
Ile nusu niliyoikata ni ya kwangu,
na sijui niirudishe kwa nani.

Muhula huu nimeshauriwa, kwa upole, na chai,
nifute maneno "mazingira yako".
Nimekaa na karatasi tangu magharibi.
Taa inakonyeza.
Swali la tano liko vilevile, nukta kwa nukta.
Ila mistari ya kujibia ilikuwa miwili,
nimechora sita.