Mtoza Ushuru wa Darajani

Oulu, Januari. Nje theluji imefika magotini.
Ndani, chini ya ardhi, ukuta mmoja na mashine za kufulia,
sisi wanne na meza ya kukunja
yenye mguu mmoja unaochechemea.
Mimi Aune ndiye msimulizi:
ulimwengu mzima nimeushika kwenye daftari la hesabu.

Saa mbili nzima tulipigana.
Kerttu, muuguzi wa zamu ya usiku,
aliliangusha lango la majitu kwa shoka
huku ananyonya peremende ya kikohozi.
Dadu ikasema kumi na nane, nasi tukaamini.
Hakuna aliyemwambia: nyanyua kwanza meza hii tuone.

Kisha wakafika darajani.
Hapakuwa na jitu. Palikuwa na mzee na kitabu cha stakabadhi,
wino umemgandia kidoleni. "Kibali?"
Nikamvalisha sauti ya puani,
ile ya mjomba Eino akidai chenji.

Shoka halina kazi hapa.
Wote wakamgeukia Taavi,
maana mjumbe wao ni yeye: kwenye karatasi yake,
mstari wa ufasaha, ameandika alama ya juu kuliko zote,
kwa penseli, akaikoleza mara mbili.
Taavi ambaye huagiza kahawa kwa kunyoosha kidole.
Taavi ambaye jina lake mwenyewe
humkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Akaisukuma dadu kuelekea kwangu.
Nami, kanuni ni kanuni, nikasema:
"Sema kwanza. Unamwambiaje? Kisha utarusha."

"Mhe-," akasema. "Mhe-, mhe-."
Nyuma ya ukuta mashine ikaanza kukamua.
Ossi akakikodolea macho kiatu chake.
Neno tamu, tuliambiwa, humtoa nyoka pangoni;
neno lenyewe likikwama pangoni, nani alitoe?

Ni Kerttu aliyepiga meza, ukachechemea ule mguu:
"Mimi hukuniuliza misuli. Yeye wamdai ulimi?"

Nilinyamaza. Miaka kumi na moja nasimulia,
nimeua wafalme, nimezamisha visiwa,
sikuwahi kuona kwamba mlango wa mchezo wangu
ulikuwa na ngazi.

Nikaanza upya. "Taavi, usinipe maneno.
Nipe nia. Unataka nini kwa mzee huyu?
Na umeona nini kwake?"

Akafikiri. Akachora duara pembeni mwa karatasi.
"A-anaogopa," akasema. "Si sisi.
Tukishavuka, ha-hapiti mtu tena
mpaka theluji i-iyeyuke.
Namwomba tu... tukae."

Hilo sikuwa nimeliandika.
Daftarini mzee alikuwa na bei, fedha tatu,
na udhaifu mmoja, pombe.

Dadu ikabingirika, ikagonga kikombe, ikatulia: nne.
Nne ni kushindwa. Kanuni ni kanuni.
Nikafungua mdomo nimfukuze kwa ile sauti ya puani,
na sauti haikuja. "Ki-," nikasema. "Kibali..."
Safari hii aliyekwama ni mimi,
na Taavi akanisubiri
kama mtu anayejua hasa kusubiri:
bila kunimalizia neno.

Mzee hakufungua daraja.
Alisogeza tu benchi, akatia kuni.
Ndiyo hivyo, hawakuvuka usiku huo.
Walikula supu ya samaki ambayo haikuwepo,
Ossi akaomba ya pili,
Kerttu akaliegemeza shoka mlangoni kama mwavuli.

Saa nne mama Hilkka akaja kuchukua mashuka yake,
akachungulia, kapu kiunoni.
"Nani kashinda?"

Tukatazamana.

"Ba-bado," akasema Taavi. "Tuko da-darajani."

"Haya. Mkitoka, zimeni taa."